Kabla ya kubishania bei ya kigoda, shika tezo

Hebu niambie ukweli, kijana mwenzangu. Mara ya mwisho ulipoona kigoda cha miguu mitatu, ulimwuliza mzee anayekichonga nini? Mimi, pale Lugulu, niliuliza bei. Alipoitaja nikacheka: “Kuka, kwa pesa hizo si napata viti viwili vya plastiki!”

Hakujibu. Alinipa tezo na gogo la muringa, akasema, “Chonga.”

Kigoda hiki hakiungwi. Hakina msumari wala gundi. Kikalio na miguu hutoka katika gogo moja lililosimamishwa wima, ili miguu ifuate nyuzi za mti. Ukienda kinyume na nyuzi, mguu utavunjika siku atakapokikalia mjomba mnene. Mti huchongwa ungali mbichi, maana ukikauka unakuwa jiwe. Kisha kigoda hukaushwa polepole kivulini. Kianike juani eti una haraka, utasikia “kwa!” na kikalio kina ufa.

Na kwa nini miguu mitatu? Jikoni kwa kukhu, nyanya yangu, sakafu ni udongo wenye mabonde na vilima vyake. Miguu mitatu hugusa chini yote popote utakapokiweka, kama mafiga. Ule wa nne ndio huleta kuyumba. (Hesabu hii nilifundishwa shuleni na sikuielewa, tusidanganyane.)

Basi nikachonga. Kufikia saa sita nilikuwa na malengelenge viganja vyote, na gogo lenye mguu mmoja na nusu. Ule mwingine niliukata kwa pigo moja la pupa. Seremala wa viti vya kuunga akikosea hubadilisha ubao. Wa kigoda hutafuta gogo jingine, na muringa haukui kwa msimu mmoja kama mahindi.

Sisi hununua bando kila siku bila kuomba kupunguziwa. Tukifika kwa mzee aliyeinama juu ya gogo tangu asubuhi, ghafla tunajua kubishana! Halafu tunashangaa kwamba hana hata mwanafunzi mmoja, na wajukuu wake wako Nairobi wakizunguka na bahasha za vyeti. Nani atajifunza kazi ambayo wateja wake huilipa kama zawadi?

Nililipa bei yake yote. Akaniambia nirudi Jumamosi na shoka langu mwenyewe. Nitarudi. Pale kivulini kuna nafasi ya mtu mwingine, ukitaka.