Watoto wanaucheza wimbo wa Saida, maneno hawayajui

Mtoto wa darasa la sita pale Kayanga au Nkwenda akisikia jina Salome, atamtaja Diamond Platnumz. Hakosei sana. Diamond na Rayvanny walitoa "Salome" yao mwaka 2016, ikapigwa kila kona. Ila mama wa mtoto huyo aliyacheza mahadhi hayo zamani, kwenye kanda, wakati Kyerwa bado ni sehemu ya wilaya ya Karagwe.

Albamu iliyoanzisha yote ni Maria Salome, ya mwaka 2001. Mwenyewe ni Saida Karoli, binti wa Bukoba vijijini, mwimbaji na mpiga ngoma. Aliimba kwa Kihaya, na wengi nchini wakaupa wimbo mkuu jina la "Chambua Kama Karanga", kwa kuwa hicho ndicho kipande cha Kiswahili walichokidaka. Mengine waliyaitikia hivyo hivyo harusini, kwa sauti ya juu, bila kujua wanasema nini.

Wazungu nao wana albamu zao zisizozeeka. Back in Black ya AC/DC, roki nzito ya mwaka 1980, baba humrithisha mwanawe, na wote wawili wanaelewa kinachoimbwa.

Karagwe na Kyerwa zilikuwa na bahati hiyo. Kinyambo na Kihaya ni ndugu wa karibu, kwa hiyo wakati nchi nzima inacheza kwa kubahatisha, Mnyambo alikuwa anacheka mahali pa kucheka. Leo watoto wake wanahamia upande wa wale wanaobahatisha. Shule ya msingi inafundisha kwa Kiswahili, katuni ni Kiswahili, na nyumba nyingi za mjini wazazi wanaongea Kinyambo wao kwa wao, hasa wakitaka mtoto asielewe. Kisha wanashangaa likizo inapofika, mjukuu na bibi wanabaki kutazamana jikoni huku ndizi zikimenywa kimya kimya.

Hakuna kitabu cha kununua dukani kwa ajili ya hili, lakini nyimbo zipo kwenye simu. Wimbo una faida moja ambayo somo halina: mtoto anaurudia mara 20 kwa siku bila kulazimishwa. Apigiwe ule wa Saida wa 2001 baada ya ule wa Diamond (video ya huyu wa pili, wako wazazi wanaoipitisha haraka), halafu aachwe na bibi. Bibi hatafsiri kama kamusi. Atasimamisha wimbo katikati na kusema, "Hapo ni Kihaya, sisi hatusemi hivyo," kisha atasema inavyosemwa Karagwe. Kwenye ubishi huo mdogo mtoto anapata maneno mawili kwa bei ya moja.

Na Saida hakuishia 2001. Alikaa kimya miaka mingi, halafu mwaka 2017 akarudi na wimbo uitwao "Orugambo", yaani maneno ya watu, umbea. Mtoto ambaye nyumbani amezoea kusikia kwamba kugamba ni kusema, atakisia maana ya jina hilo kabla ngoma haijaanza. Asiyejua atasubiri Diamond aurudie.