Urahisi wa Simu ya Mezani Haukuja kwa Bahati

Watu wengi hudhani kwamba chombo kilicho rahisi kutumia kimebuniwa kwa akili ndogo, na kwamba wingi wa vitufe ndio dalili ya maendeleo. Dhana hiyo si sahihi, na simu ya mezani yenye waya yatosha kuikanusha.

Mwenye simu hiyo hunyanyua mkono wa simu, husikia mvumo unaomjulisha kwamba njia i wazi, kisha hubonyeza namba. Akimaliza, huurudisha mkono mahali pake. Hana haja ya kusoma maelezo wala ya kuchaji betri.

Wepesi huo ulitafutwa kwa utafiti. Katika maabara za Bell nchini Marekani, idara iliyoongozwa na John Karlin, mwanasaikolojia mzaliwa wa Afrika Kusini, ilichunguza namna watu wanavyotumia simu. Ilipoonekana kwamba kuziweka namba nje ya duara la kuzungushia kuliwachelewesha wapigaji, Karlin alishauri kitone cheupe kitiwe katikati ya kila tundu ili kidole kipate shabaha. Kasi ikarejea. Kabla ya simu za vitufe kuanza kutolewa kwa wateja mwaka 1963, mipangilio mbalimbali ya vitufe ilijaribiwa na watu, muda ukapimwa na makosa yakahesabiwa. Hivyo ndivyo 1, 2 na 3 zilivyowekwa juu, ingawa mashine za hesabu huweka 7, 8 na 9 juu.

Simu zilizotengenezwa kwa ajili ya wazee na wenye ulemavu zilifuata njia hiyo hiyo. Vitufe vikubwa humfaa mwenye macho hafifu au mikono inayotetemeka. Kinundu juu ya kitufe cha 5 humwongoza asiyeona. Sauti inayoweza kuongezwa na taa inayowaka simu inapoita humsaidia mwenye usikivu mdogo.

Sifa iliyo kuu kuliko zote, hata hivyo, haionekani kwa macho. Simu ya kawaida iliyounganishwa kwa nyaya za shaba hupata umeme wake, kiasi cha volti 48, kutoka katika betri za kituo cha simu. Umeme wa nyumbani ukikatika, simu hiyo huendelea kufanya kazi. Simu inayopitia intaneti haina kinga hiyo, kwa kuwa kifaa chake cha kuunganishia hutegemea umeme wa nyumbani.

Tofauti hii yaweza kugharimu uhai. Nchini Uingereza, ambako mpango ulifanywa wa kuachana na mtandao wa zamani wa simu, tarehe ya mwisho ilisogezwa mwaka 2024 kutoka Desemba 2025 hadi Januari 2027. Sababu mojawapo ilikuwa usalama wa wazee na wagonjwa wanaotegemea vifaa vya kuombea msaada vilivyounganishwa na simu zao. Kanuni za huko humtaka mtoa huduma kumwezesha mteja asiye na njia nyingine kupiga simu ya dharura kwa muda usiopungua saa moja umeme unapokatika. Saa moja ni afadhali kuliko kukosa kabisa, lakini giza la usiku mmoja hupita saa hiyo.

Haifai kudai kwamba nyaya za shaba zidumu milele. Linalofaa kudaiwa ni kwamba chombo kipya kipimwe kwa kipimo kile kile cha zamani: je, bibi kizee aliye peke yake gizani aweza kuita msaada kwa kukitumia? Wahenga walisema, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mhandisi hawezi kukadiria taabu ya mtumiaji akiwa mezani pake. Hana budi kumwita, kumpa chombo mkononi, kupima muda na kuhesabu makosa.

Kazi hiyo yaweza kuanzia shuleni. Mwanafunzi anayebuni chombo, kiwe redio au taa, na amkabidhi mtu asiyekijua, kisha anyamaze na kutazama. Akikuta mtumiaji amekosea, kinachostahili kurekebishwa kwanza ni chombo.