Neno la Mhariri: Iruke Bila Aibu

Msomaji atakayekimbilia kurasa za uhakiki katika toleo hili atakutana na neno ambalo majarida yetu hayajazoea kulichapa: ruka. Limeandikwa chini ya uhakiki wa baadhi ya riwaya zilizotoka karibuni, na halikupita kwa bahati mbaya. Tuliwaomba wahakiki wafunge kila makala kwa hukumu ya neno moja, ama soma, ama subiri, ama ruka. Wengine walipiga simu kuuliza kama kweli tumekusudia. Tulikusudia. Najua maneno yatakuja, kwa hiyo afadhali nijieleze mapema.

Uhakiki wa riwaya mpya kwa Kiswahili una adabu zake. Mhakiki huanza kwa kumpongeza mwandishi kwa mchango wake katika fasihi, akasimulia kisa chote mpaka mwisho bila kumwachia msomaji hata siri moja, akaorodhesha maudhui, akataja tamathali tatu nne za usemi, akagusia makosa machache ya uchapaji yasiyopunguza thamani ya kazi, kisha akamaliza kwa kusema kitabu kinawafaa wanafunzi, walimu na wapenzi wote wa lugha. Ukifika mwisho hujui kama bwana huyu alikipenda kitabu au alikimaliza kwa kujilazimisha. Hafanyi hivyo kwa kutojua kazi yake. Ulimwengu wa riwaya ya Kiswahili ni mdogo: mhakiki alisoma na mwandishi, au alimfundisha, au anajua mwakani watakaa meza moja kwenye kongamano. Nani avunje undugu kwa ajili ya kurasa mia mbili?

Uzinduzi nao ndio uleule. Mgeni rasmi anainua nakala mbele ya kamera, anasoma hotuba aliyoandikiwa kuhusu kitabu alichokabidhiwa asubuhi hiyo, halafu nakala ya kwanza inapigwa mnada na wenye uwezo wanashindana bei. Sina ugomvi na mnada huo. Waandishi wetu hawapati pesa nyingi kwingineko, na anayemsaidia mmoja wao kulipa deni la kiwanda cha uchapaji amefanya jema. Lakini anayenunua pale ananunua heshima ya shughuli. Aliyebana matumizi ya mwezi mzima akapata ya riwaya moja, na ambaye ataisoma usiku watoto wakishalala, anatafuta kitu kingine, na hakuna aliyesimama kwenye jukwaa lile kumwambia kama atakipata.

Pingamizi kubwa ninalolijua ni la uchache. Riwaya za Kiswahili zenyewe haba, wachapishaji wengi wanaishi kwa vitabu vya kiada, mwandishi chipukizi anachapa kwa fedha zake mwenyewe. Halafu jarida la fasihi linawaambia watu waruke? Mwenzetu mmoja hapa ofisini alilisema hili kwa uchungu, na hakuwa peke yake. Jibu langu ni kwamba uchache huo ndio unaonitia hofu. Anayesoma riwaya hamsini kwa mwaka akikutana na mbovu kumi, hasara yake ni ndogo. Anayenunua moja kwa mwaka akiletewa mbovu kwa sifa za uongo, haambiwi na mtu kwamba alikosea kuchagua. Anaamua tu kwamba riwaya za Kiswahili ndivyo zilivyo, na mwakani pesa ile inakwenda kwenye vifurushi vya simu. Tukimdanganya mara moja tumempoteza, na pamoja naye tumempoteza mnunuzi wa riwaya nzuri iliyokuwa rafu ileile.

Ukweli mwingine ni kwamba kazi ya kuchagua tumewaachia watu wengine kwa muda mrefu, hasa mitaala. Chozi la Heri ya Assumpta Matei ilipokuwa kitabu teule cha mtihani wa KCSE nchini Kenya, na baadaye Nguu za Jadi ya Clara Momanyi iliposhika zamu, vijana wengi sana walizisoma wakiwa na kalamu mkononi, wakisaka dondoo. Wengine hawakufika hata huko. Walinunua mwongozo wakaishia hapo. Vitabu vyenyewe havina kosa. Ila kitabu kikiingia kwenye orodha ile huuzwa kwa wingi ambao riwaya ya nje ya orodha haiuoti, na mwandishi anayejua hesabu anaanza kuandika kwa ajili ya orodha hata kabla hajawajua wahusika wake.

Riwaya ya namna hiyo utaitambua haraka. Kila sura ina tatizo lake la kijamii: hapa ufisadi, pale dawa za kulevya, sura ya nne ndoa za utotoni, ya tano mazingira. Wahusika wanaitwa kwa tabia zao ili mtahini asipotee njia. Na wanazungumza kama taarifa ya habari. Mke anampakulia mumewe ugali huku akisema, “Je, mume wangu mpenzi, unatambua kwamba ukosefu wa ajira umekithiri miongoni mwa vijana wetu?” Sentensi hii nimeitunga mwenyewe ili nisimwaibishe mtu, lakini wanaosoma riwaya mpya wanajua sikutia chumvi nyingi. Hakuna mke wa Mbagala wala wa Kisauni aliyewahi kusema hivyo, na akisema, ugali utapoa.

Ndiyo maana ushauri wangu kwa aliyesimama dukani ni kuacha jalada, kuacha maneno ya sifa ya nyuma, kuacha hata ukurasa wa kwanza, kwa kuwa ule mwandishi ameuandika upya mara nyingi. Fungua katikati utafute mahali watu wawili wanapogombana. Funika majina yao kwa kidole. Kama huwezi kujua nani anasema nini, rudisha kitabu. Vuta n'kuvute ya Shafi Adam Shafi, iliyotoka mwaka 1999, inafaulu jaribio hili karibu kila inapofunguliwa: Mwajuma wa Ng'ambo hasemi kama Yasmin aliyekimbia ndoa ya mzee Raza, na Denge akianza mambo yake ya siasa unamsikia kabla hujaambiwa ni yeye. Kuli, iliyotangulia miaka 20, inamfanya msomaji aujue uzito wa gunia la bandarini pasipo mwandishi kusimama kutoa mhadhara juu ya unyonyaji. Siasa imo tele. Imo ndani ya jasho la watu.

Orodha hukosea kwa upande wa pili pia. Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi ilipotoka mwaka 1971 ilipigwa marufuku shuleni kwa jinsi ilivyosema mambo ya mwili wa msichana bila kufunika. Wakubwa walisema ruka, vijana wakaisoma kwa kuficha, na baadaye kitabu hichohicho kikaingia darasani. Sisi hatuna mamlaka ya kumzuia mtu, na hatuyataki. Tukisema ruka, tunatoa sababu na mifano kutoka kwenye kitabu chenyewe ili anayetaka kutupinga awe na pa kushikia.

Na tuzo je? Tuzo zinasaidia, sitazibeza. Mzimu wa Watu wa Kale ya Muhammed Said Abdulla ilishinda shindano la uandishi la mwaka 1957/58 kabla ya kuchapishwa 1960, na bila ushindi ule huenda tungechelewa kumpata Bwana Msa na kiko chake. Tuzo ya Mabati-Cornell, iliyoasisiwa 2014 na Lizzy Attree na Mukoma wa Ngugi, iliwaleta mbele waandishi wengi ambao tusingewasikia, na Tuzo ya Taifa ya Uandishi Bunifu ya Mwalimu Nyerere, iliyotolewa mara ya kwanza Aprili 2023, imewapa vijana wa Tanzania sababu ya kumaliza miswada. Lakini majaji huchagua kilicho bora miongoni mwa vilivyoletwa mwaka ule, na mara nyingi walichosoma ni mswada. Kati ya mswada na kitabu kuna mhariri, au hakuna. Muhuri wa mshindi kwenye jalada ni sababu ya kukichukua kitabu mkononi. Jaribio la ugomvi bado linakihusu.

Hapo ndipo linapoingia neno letu la pili, subiri, ambalo mimi nalipenda kuliko yote. Tumelitumia kwa riwaya zenye moyo lakini zilizotoka jikoni mapema: dada wa mhusika mkuu anaitwa Halima sura ya pili na Salima sura ya tisa, mvua ya masika inanyesha Septemba, mtu aliyezikwa anakuja kula pilau ya arobaini yake. Mwandishi aliyejichapia mwenyewe hakuwa na fedha za kumlipa mhariri, nasi tunamwomba asahihishe kabla ya chapa ya pili. Msomaji akingoja hapotezi kitu. Wengi waliipita Vuta n'kuvute ilipokuwa mpya, wakaitafuta baada ya filamu ya Amil Shivji ya mwaka 2021, na waliikuta haijachacha. Paradise ya Abdulrazak Gurnah ilitoka 1994, ikamfikia msomaji wa Kiswahili mwaka 2022 kwa jina la Peponi katika tafsiri ya Ida Hadjivayanis. Kwa msomaji huyo Yusuf ni kijana mpya kabisa. Haraka ya kusoma kilichotoka jana ni haraka ya wauzaji.

Sitaki mtu adhani kwamba ruka zetu zimeelekezwa kwa riwaya pendwa. Kufa na Kupona ya Elvis Musiba, ya mwaka 1974, ilisomwa na watu ambao hawakulazimishwa na mwalimu yeyote, ikapita mikono mpaka jalada likatoka. Willy Gamba alimwahidi msomaji mbio na risasi, akampa mbio na risasi. Ahadi ikitimizwa, tunasema soma. Tatizo tuliloliona safari hii liko kwenye riwaya zilizoanza kama mfululizo wa kwenye simu, zile ambazo vipande vya mwanzo unatumiwa bure kisha unaambiwa ulipie ndipo uendelee. Kule zinafanya kazi yake vizuri, na baadhi ya waandishi wake wana sikio la mazungumzo ambalo maprofesa wangelitamani. Zikikusanywa kuwa kitabu bila kufumuliwa, ndoano zote zinabaki wazi: kila baada ya kurasa tatu kuna mtu anazimia, simu inaita usiku wa manane, au mlango unafunguliwa na asiyetarajiwa. Kufikia ukurasa wa mia msomaji ndiye anayekaribia kuzimia.

Taratibu zetu ni hizi. Hakuna mhakiki aliyeruhusiwa kusema ruka kabla hajamaliza kitabu mpaka ukurasa wa mwisho. Msomaji hana wajibu huo, anaweza kukiweka chini wakati wowote na asiwe na deni kwa mtu. Aliyewahi kumfundisha mwandishi, kufundishwa naye au kumhariri, alitakiwa kusema au kukipisha kitabu. Uhakiki wenye hukumu ya ruka haukuruhusiwa kuwa mfupi kuliko wenye soma, maana kumkataa mtu kwa aya mbili ni dharau. Na riwaya ya kwanza ya mwandishi haikupata huruma ya pekee, ingawa nakiri kwamba mjadala wa jambo hili hapa ofisini haujaisha, na wenye msimamo tofauti na wangu wana hoja.

Waandishi ambao vitabu vyao vimepewa ruka au subiri wana nafasi ya kujibu katika toleo lijalo, kwa urefu uleule wa uhakiki waliopewa, na hatutakata neno. Nawe msomaji, ukiona tumekosea, tuletee ukurasa uliokushika ukashindwa kulala. Tutauchapa pamoja na jina lako.