Japani Waliahidiwa Katiba 1881, Wakaambiwa Wasubiri Miaka Tisa

Vijana wenzangu, wiki iliyopita kwenye grupu letu la wilaya mzee mmoja wa chama, mtu ninayemheshimu sana, alituma sauti ya dakika nne. Ujumbe wake kwa ufupi: vijana punguzeni pupa, Japani ilijengwa kwa nidhamu, wananchi walitulia wakachapa kazi na wakubwa wakawapa katiba wakati wake ulipofika. Makofi yakamiminika. Mimi sikujibu pale, maana kumjibu mzee mbele za watu si adabu. Najibu hapa.

Mzee wangu, shikamoo. Hiyo Japani uliyoisema haikuwahi kuwepo.

Mwaka 1868 utawala wa shogun uliangushwa, na kwenye kiapo cha mwaka huohuo Mfalme akaahidi kwamba mambo ya nchi yataamuliwa kwa mashauriano kwenye mabaraza. Miaka ikapita, baraza la kuchaguliwa la taifa halikuonekana. Serikali ikabaki mikononi mwa kundi la watu waliotoka sehemu mbili, Satsuma na Choshu, wakipeana vyeo wao kwa wao. Mwaka 1880 wajumbe wakakutana Osaka, wakaandika maombi ya kutaka Bunge kwa niaba ya watu zaidi ya 80,000 waliotia saini. Waliotumwa kuyapeleka Tokyo wakazungushwa ofisi hii na ile, kila moja ikisema haina utaratibu wa kupokea karatasi ya namna hiyo. Na Aprili 1880 ikatoka sheria ya mikutano: uombe kibali polisi, askari akae ukumbini asikilize, akiona maneno hayampendezi avunje mkutano. Walimu na wanafunzi wakapigwa marufuku kabisa kuhudhuria siasa. (Ukiona inafanana na kitu unachokijua, mimi sijasema.)

Hao ndio "waliotulia".

Sasa njoo 1881. Kulikuwa na ofisi ya serikali ya kuendeleza kisiwa cha Hokkaido, ambayo kwa miaka kama kumi ilikuwa imemwagiwa yen zipatazo milioni 14 za kodi. Mkuu wake aliitwa Kuroda Kiyotaka, mtu wa Satsuma. Muda wa ofisi ulipokaribia kuisha akaona mali zake ziuzwe, na mnunuzi aliyesimama nyuma ya mpango huo alikuwa mfanyabiashara Godai Tomoatsu. Wa wapi? Wa Satsuma. Bei? Yen kama 390,000. Zilipwe kwa miaka 30, bila riba. Piga hesabu mwenyewe: kila yen moja ya mwananchi inarudi chini ya sen tatu, na hizo sen tatu unazisubiri mpaka mjukuu aote ndevu.

Julai magazeti yakalitoa dili hadharani. Jamani, Tokyo haikulala. Majumba ya michezo ya kuigiza yakageuzwa kumbi za mikutano, watu wakajaa. Hata gazeti la Tokyo Nichinichi, lililojulikana kwa kuibeba serikali, likageuka. Na wananchi hawakuishia kwenye kulaani wizi tu. Walisema wazi kwamba dili kama lile linawezekana kwa sababu hakuna Bunge la kuuliza maswali, na hapo ndipo watawala wakaogopa kweli.

Ndani ya serikali alikuwepo Okuma Shigenobu, ambaye Machi mwaka huo alikuwa amependekeza Bunge lianze mapema 1883. Wenzake wakamshuku kwamba ndiye anayechochea kelele za Hokkaido. Usiku wa tarehe 11 Oktoba, Mfalme akiwa ndiyo kwanza amerudi kutoka ziara ya kaskazini, wakubwa wakakaa kikao. Okuma nje. Mauzo yakafutwa. Na tarehe 12 likatoka tamko la Mfalme: Bunge litafunguliwa mwaka 1890, na yeyote atakayeleta vurugu kwa kutaka haraka zaidi, atakiona.

Kwa hiyo, mzee wangu, ile ahadi haikutolewa na wakubwa kwa hekima yao. Ilitolewa na watu waliobanwa ukutani, tena baada ya kuuza mali ya umma kushindikana.

Ila sitaki kuwadanganya vijana wenzangu, maana upande wetu pia una makosa na yanauma zaidi. Mwezi huohuo wa Oktoba kikaundwa chama cha Jiyuto chini ya Itagaki Taisuke. Mwaka uliofuata Okuma akaunda Kaishinto. Itagaki hakuwa mwoga, alichomwa kisu Gifu Aprili 1882 akapona. Halafu mwaka huohuo akapanda meli kwenda Ulaya. Nauli ya nani? Ilikuja kujulikana fedha zilitoka kampuni ya Mitsui, kwa mpango wa Inoue Kaoru, waziri wa serikali ileile. Vijana wa chama waliopinga safari, akiwemo Baba Tatsui, wakaishia nje. Magazeti ya Kaishinto yakauliza hela imetoka wapi, Jiyuto nao wakajibu kwa kuwaita wenzao vibaraka wa Mitsubishi. Upinzani ukang'atana wenyewe. Serikali ikakaa pembeni, miaka tisa mkononi, inakunywa chai.

Huku vijijini bei ya hariri na mpunga inaporomoka, wakulima wanazama kwenye madeni. Oktoba 1884 Jiyuto ikajivunja yenyewe. Siku chache tu baadaye wakulima wa Chichibu wakainuka na silaha, chama hakipo, wakapigwa na jeshi.

Kuna mtu mmoja wa mwaka ule simsahau. Chiba Takusaburo, mwalimu wa shule huko Itsukaichi, milimani magharibi ya Tokyo, umri chini ya miaka 30. Mwalimu! Yaani sheria ilishamkataza hata kuhudhuria mkutano wa siasa. Yeye na wanakijiji wenzake wakaunda kikundi cha mijadala, wakasoma, wakabishana, na mwaka huo 1881 akaandika rasimu ya katiba yenye vifungu 204, vingi vikihusu haki za raia. Kifua kikuu kikamuua 1883. Rasimu ikalala kwenye ghala la familia ya Fukasawa mpaka ilipokutwa mwaka 1968.

Katiba iliyopita ikaandikwa faraghani na Ito Hirobumi na watu wake wachache. Uchaguzi wa kwanza, 1890, walipiga kura wanaume tu waliolipa kodi ya yen 15 na kuendelea, asilimia moja na kidogo ya watu wote. Na hata kwa daftari lile la matajiri, bado vyama vya upinzani vilipata viti vingi.

Tarehe 11 Februari 1889 Mfalme alimkabidhi katiba Waziri Mkuu, na kesho yake Waziri Mkuu huyo akatangaza kwamba serikali itakaa juu ya vyama, haitayumbishwa navyo. Jina lake Kuroda Kiyotaka. Ndiyo, yuleyule wa Hokkaido.

Mzee, sauti yako bado nimeihifadhi. Ukipenda tuendelee kwenye grupu, mimi nipo.