Chakula cha Wazee Wetu

Katika nyumba nyingi mzee akiisha kupoteza meno hupewa uji mtupu asubuhi, na uji mtupu jioni. Watu husema, "Mzee hana kazi, chamtosha." Maneno haya si kweli, na hasara yake ni kubwa.

Mwili una askari wake wa kupigana na vijidudu vya maradhi. Askari hao hufanyizwa kwa protini, nayo protini hujengwa kwa asidi za amino 20, kama nyumba ijengwavyo kwa mawe. Katika hizo, 9 mwili hauwezi kujifanyizia. Sharti zitoke katika chakula. Moja ikikosekana, ujenzi husimama.

Basi, mtu akizeeka, tezi ya kifuani iwafundishayo askari hao huwa imekwisha kunywea, na nyama ya mwili, iliyo ghala ya protini, hupungua. Ndiyo maana homa ya mapafu humshika upesi na kumwacha polepole. Mwaka 2013 mabingwa wa mataifa mbalimbali walishauri kwamba aliyepita miaka 65 apate protini gramu 1 hata 1.2 kwa kila kilo ya uzito wake kila siku, ilhali kijana hutoshewa na gramu 0.8. Kwa hiyo mzee ahitaji zaidi, si kidogo.

Je, tununue vidonge vya asidi za amino? Vyauzwa, tena kwa bei kubwa. Lakini haijathibitika kwamba humkinga na maradhi mzee alaye vema. Afadhali fedha hiyo inunue chakula. Mahindi yana upungufu wa lisini, na maharagwe yanayo tele. Maharagwe yana upungufu wa methionini, na mahindi huyasaidia. Kinga na kinga ndipo moto uwakapo.

Twanga dagaa wakavu, uwatie katika uji. Ponda maharagwe yaliyoiva sana. Changanya karanga zilizosagwa. Mpe yai, maziwa au mtindi, kidogo kidogo katika kila mlo, maana hamu yake ni ndogo. Lakini mwenye ugonjwa wa figo aulize daktari kwanza.

Mama zetu walitupondea chakula tulipokuwa hatuna meno. Sasa zamu ni yetu.