Vigarimoshi vya Nakuru: Mchezo au Kumbukumbu?

Mtu mzima akikaa barazani na tupa mkononi, akakwangua kipande cha shaba mpaka kikawa gurudumu la garimoshi lisilozidi ukubwa wa sarafu, wapitao njia humdhania amerudi utotoni. Mimi sikubaliani nao. Katika ufundi wote ulioingia Bonde la Ufa kwa njia ya reli, huu wa kuitengeneza injini ya mvuke kwa kipimo kidogo, ikawashwa moto, ikachemsha maji yake na kwenda kwa nguvu zake yenyewe, ndio uliostahili kushika mizizi Nakuru kuliko mji mwingine wowote wa nchi hii. Na sijauona umeshika.

Mji huu haukuzaliwa na bandari wala na soko. Ulizaliwa na stesheni. Reli iliyoanza Mombasa mwaka 1896 ilifika Nairobi 1899, ikateremka ukingo wa Bonde la Ufa na kufika Nakuru 1900, kisha Kisumu Disemba 1901. Baadaye hapa pakawa ndipo njia panda. Mkono mmoja uliendelea kushuka ziwani, mkono wa pili ukapanda milima kwenda Eldoret, uliofika 1924, na kuendelea hadi Kampala 1931. Katika mkono huo wa pili ndiko iliko stesheni ya Timboroa, futi 9,001 juu ya bahari. Kuzipeleka gari zenye mzigo mpaka huko kwa maji na moto tu haikuwa kazi ya mzaha, na watu waliozitunza injini hizo walilala katika landhi za reli hapa hapa Nakuru. Mvuke ulizimika katika reli zetu kadiri ya mwaka 1980. Kijana aliyekuwa na umri wa miaka 20 wakati ule, leo ana zaidi ya 60. Waliokuwa mafundi wakubwa wamekwenda zao, na waliobaki wanahesabika.

Injini ninayoifikiria niandikapo haya ni moja hasa. Kiwanda cha Beyer, Peacock cha Manchester kiliiundia Afrika Mashariki, katika miaka ya 1955 na 1956, injini 34 za daraja la 59, za namna iitwayo Garatti. Hazikupata kuundwa injini kubwa zaidi za mvuke kwa reli ya upana wa mita moja popote duniani. Urefu wake ulikuwa futi 104, uzito wake tani 252, na zilichoma mafuta mazito badala ya makaa. Kila moja ilipewa jina la mlima, na majina ya Bonde la Ufa yalijaa tele: Longonot, Eburu, Suswa, Londiani. Ya mwisho kabisa, namba 5934, ilipewa jina la "Menengai Crater", yaani shimo lile lile linalouegemea mji wa Nakuru.

Ziko wapi leo? Mbili tu zilihifadhiwa, nazo zimesimama katika Makumbusho ya Reli ya Nairobi, yaliyofunguliwa 1971: namba 5918 "Mount Gelai", na namba 5930 "Mount Shengena". Gelai uko Tanzania. Shengena uko Tanzania pia, katika milima ya Upare. Jumuiya ya zamani ilipovunjika 1977, kila nchi ilichukua chake; sisi Wakenya tumebaki tukiilinda milima ya jirani, na Menengai wetu ukaenda kuwa chuma chakavu. Siwalaumu waliohifadhi hizo mbili, Mungu awalipe. Nasema tu kwamba Nakuru haina injini yake, wala haitaipata tena kwa ukubwa wake.

Kwetu pwani tuna jambo linalofanana na hili. Mtepe, chombo kile kilichoshonwa kwa kamba bila msumari hata mmoja, umekwisha baharini zamani. Mimi sikuuona, wala baba yangu hakunisimulia kuwa alipata kuupanda. Lakini najua tanga lake la mkeka lilivyokaa na omo lake lilivyochongoka, kwa sababu wako watu waliouchonga kwa kipimo kidogo wakati ungali hai, na kielelezo unaweza kukiona katika makumbusho ya Lamu. Hata leo fundi wa Lamu aundaye majahazi haoni haya kuchonga jahazi la kuwekwa juu ya meza. Hakuna amwambiaye kuwa anacheza. Iweje basi garimoshi, lililoibadili nchi hii kuliko jahazi lolote, likose wa kulichonga?

Sasa nije kwenye kazi yenyewe, maana maneno matupu hayachemshi maji.

Jambo la kwanza atakaloulizwa mnunuzi wa seti ya vipande ni upana wa njia, na hapa pana bahati ambayo wengi hawaijui. Mwaka 1968 kampuni ya Lehmann ya Nuremberg, Ujerumani, ilitoa vigarimoshi vyake vya LGB juu ya njia ya upana wa milimita 45, kwa kipimo cha 1 kwa 22.5. Zidisha 45 kwa 22.5 utapata mita moja na kidogo. Wajerumani wale walikuwa wakiiga reli za mita moja za kwao na za Uswisi. Walakini reli yetu ya zamani nayo ni ya mita moja! Maana yake ni kwamba njia inayouzwa tayari madukani Ulaya na Marekani ndiyo hasa njia ya Nakuru iliyopunguzwa, wala hatuhitaji kuigeuza. Mwingereza anayetaka kuiga reli yake kubwa juu ya njia hiyo hubadili kipimo. Sisi tunaikuta imekwisha kukatwa kwa mwili wetu.

Kwa kipimo hicho, Menengai ingekuwa na urefu wa mita 1 na sentimita 41, karibu urefu wa mtoto wa darasa la tano. Uzito haupungui kwa hesabu hiyo hiyo: urefu, upana na kimo vyote vinapungua, basi hugawanywa mara tatu, na tani zile 252 zikawa kilo 22 na kidogo, mzigo wa kubebwa na mtu mmoja. Kinachokataa kupungua ni mlima. Njia ikipanda mita moja katika kila mita 50, ile ndogo nayo itapanda sentimita moja katika kila sentimita 50, na kiinjini kitahema vile vile. Mambo haya yananikumbusha mizani ya shairi: ukishaukata mshororo wa kwanza, umejifunga mpaka beti ya mwisho, na anayeongeza silabi moja kwa kupenda kwake ameharibu zote.

Asiye na nafasi ya njia ya milimita 45 yuko huru kuchukua ile ya milimita 12, kipimo cha 1 kwa 87, ambapo Menengai ingekuwa na sentimita 36 tu. Lakini hiyo huendeshwa kwa umeme. Ni nzuri kwa macho. Mvuke haumo, na mimi ninazungumza juu ya mvuke.

Chuoni tulipoanza kusoma hatukupewa sura ndefu. Tulianza na juzuu ya amma, sura fupi fupi za mwisho wa msahafu, na hizo ndefu zilingoja hata ulimi ulainike. Vivyo hivyo anayeanza asishike Garatti, hata kama moyo wake unaipenda. Garatti ni boila moja iliyoning'inizwa katikati ya injini mbili, kila moja na silinda zake mbili, na zote mbili zinageuka kona kwa namna yake. Daraja la 59 lilikuwa na magurudumu 28, na kati ya hayo 16 ni ya kusukuma. Mvuke lazima upite katika viungo vinavyocheza bila kuvuja, nalo hilo limewatoa jasho hata wenye mashine za kukereza za bei kubwa.

Aanze na injini ya silinda inayoyumba. Silinda hiyo haina vali. Imefungwa kwa mhimili mmoja juu ya bamba lenye matundu mawili, moja la kuingiza mvuke na moja la kuutoa. Gurudumu linapozunguka, silinda yenyewe huyumba huku na huku, na tundu lake hukutana na lile la kuingizia, kisha na lile la kutolea. Kiwanda cha Mamod cha Uingereza, kilichoanza 1937, kimelea vizazi vya watoto kwa mtindo huo. Mtu akishaielewa, ndipo anunue seti ya injini yenye silinda zilizokazwa na vali zinazoteleza, kama seti za Roundhouse za Doncaster. Umbo lake litakuwa la kigeni, na hapa ndipo ninapotofautiana na wale wanaosema tusinunue cha wageni kabisa. Nunua magurudumu, nunua silinda, nunua boila. Mwili utauunda mwenyewe, kwa bati la Nakuru.

Hili la boila nalisema kwa mkazo. Boila ndogo si sufuria. Viungo vyake hutiwa lehemu ya fedha, inayoyeyuka kwa joto la zaidi ya nyuzi 600, si lehemu ya fundi wa taa na birika, ambayo huyeyuka kabla ya nyuzi 250, na maji yakikauka moto ungali unawaka viungo huachana. Boila mpya hujazwa maji baridi pomoni, ikasukumwa kwa pampu mpaka mara mbili ya nguvu itakayofanya kazi nayo. Maji hayabanwi kama mvuke, kwa hiyo ikipasuka hutoa tone na si bomu. Isiyopimwa hivyo isiwashwe mbele ya mtoto wa mtu. Kwa sababu hiyo viwanda vya seti huuza boila ikiwa imekwisha kutengenezwa na kupimwa, na fedha utakazolipa hapo hazijapotea.

Bonde la Ufa lina masharti yake ambayo vitabu vya Ulaya havikuyaandika. Nakuru iko juu ya mita 1,800, na hewa yake ni kama sehemu nne kwa tano za ile ya Mombasa. Utambi wa spiriti unaowaka vizuri Kilindini huku huwaka kwa unyonge, na kichomeo cha gesi huhitaji kufunguliwa hewa zaidi. Maji katika chombo wazi huchemka kwa nyuzi 94 hivi. Na maji yenyewe! Visima vya bonde hili vina floridi nyingi, na watoto wengi wameota meno ya kahawia kwa ajili yake. Maji yenye madini huacha ukoko ndani ya boila, na bomba jembamba kama kalamu huziba upesi. Weka pipa chini ya bati, ukinge mvua.

Nilikaa siku moja Bondeni na mzee aliyekuwa fundi wa karakana ya reli. Nikamuuliza, "Mzee wangu, kazi ulianzishwa na nini?" Akasema, "Na tupa, mwanangu. Miezi sita tupa tu, mpaka chuma kikalala sawa." Nilipotaka kujua fimbo ya kuunganisha magurudumu ilikuwa nene kiasi gani, hakutaja inchi. Alinyosha mkono akanipimia juu yake, kama mfanyabiashara wa nguo anavyopima dhiraa. Elimu hiyo haimo katika mchoro wowote, nayo haitamngoja mtu.

Uingereza, katika miaka ya mwanzo ya 1920, wakubwa wa fani hii walishikilia kuwa boila ndogo ya makaa haiwezi kumvuta mtu mzima. Aliyewakanusha alikuwa mtu aliyepata kufanya kazi ya reli, akiandika kwa jina la herufi za kampuni ya reli, LBSC. Kiinjini chake alikiita Ayesha, sijui mama zetu wangesemaje, nacho kilimvuta mtu mbele ya mashahidi. Hakuwa na karakana ya kitajiri. Alikuwa na mikono iliyozoea chuma.

Mikono hiyo Nakuru ipo. Vijana wa jua kali wanakunja mabati, wanachomelea, wanakereza vipuri vya matrekta. Wadogo zao wanaunda magari ya waya yenye usukani unaogeuza kweli. Wanachokosa ni mchoro, boila iliyopimwa, na mzee wa kuwaambia pale walipokosea. Mji uliopandishwa kuwa jiji Disemba 2021 haushindwi kuwapa chumba kimoja chenye jiliwa, keekee na mashine ya kukereza, karibu na stesheni, na kuwaalika wastaafu wa reli kwa nauli na chai. Ziara moja ya Nairobi na futi ya kupimia itawapa vipimo vya Shengena, ambayo ni ndugu wa tumbo moja na Menengai. Tofauti ni kibao cha jina na namba.

Na mwenye picha ya 5934, iwe imekunjika au imeliwa na mende, au ya baba yake akiwa amesimama kando yake na kopo la mafuta mkononi, aitoe sandukuni mwaka huu.