Tahadhari: Koo Lililoungua Halingoji Asubuhi

Ndugu waganga na wauguzi wa usingizi wa Likasi, onyo hili ni lenu kwanza, kisha la wanaowatilia sahihi bajeti.

Mtu aliyevuta moshi wa moto au kurukiwa na asidi usoni anaweza kufika hospitalini kwa miguu yake, akataja jina lake na hata kuulizia viatu vyake. Asikudanganye. Sauti ikianza kukwaruza, mate yakimtoka kwa kushindwa kuyameza, masizi yakionekana puani, jua kwamba koo limekwisha kuanza kuvimba. Mpira wa kupumulia unaopita saa nne usiku huenda usipite saa nane. Ukimwekea oksijeni na dawa ya maumivu ukasema utamtazama alfajiri, alfajiri hutaona pa kupitishia kitu.

Barabara ya Lubumbashi hadi Kolwezi inapita hapa kwetu, na juu yake yamo malori ya asidi ya salfuriki inayotumika kuyeyushia shaba na kobalti. Februari 2019 lori la asidi liligongana na basi kijijini Kabwe, Lualaba. Watu wasiopungua 18 walikufa. Siku lori kama hilo likipinduka karibu na Likasi, majeruhi hawataletwa mmoja mmoja, na mwenye zamu ya usingizi huenda akawa mtu mmoja tu.

Koo gumu huja kwa njia nyingine pia: mama mwenye dalili za kifafa cha mimba aliyevimba uso, mwenye rovu kubwa, kijana ambaye jino lake bovu limejaza usaha chini ya ulimi. Mama mjamzito ndiye wa kuogopa zaidi, kwa kuwa akiacha kupumua oksijeni yake huisha upesi kuliko ya mtu mzima asiye na mimba.

Kinachoua hapo mara nyingi ni ukaidi wa mikono. Mwaka 2005 huko Uingereza, Elaine Bromiley alilazwa usingizi kwa upasuaji mdogo wa pua. Madaktari wazoefu waliendelea kuujaribu mpira huku oksijeni ikishuka. Muuguzi alileta vifaa vya kufungua shingo, havikutumika. Alifariki siku 13 baadaye. Nataja kisa hiki kwa sababu chumba kile kilikuwa na kila kitu ambacho sisi hulalamika kukosa.

Kwa hiyo mafunzo yanayoishia kwenye kamera mpya ya kooni, picha ya pamoja na cheti hayatoshi. (Kamera ni nzuri, sibishani; damu na usaha vikiifunika, huoni lolote.) Mwongozo wa Uingereza wa 2015 kuhusu koo gumu uliweka kikomo: majaribio matatu, na la nne ni la mwenzako mwenye uzoefu zaidi. Kama mwenzako huyo yuko Lubumbashi, yako ni matatu basi. Kisha barakoa ya koo, kisha barakoa ya uso, na oksijeni isipoingia kabisa, kisu.

Nasema kisu, si sindano. Uchunguzi wa kitaifa uliotolewa Uingereza mwaka 2011 ulikuta kwamba sindano zilizochomwa shingoni na wataalamu wa usingizi zilishindwa zaidi ya nusu ya mara. Kinachotakiwa ni kisu namba 10, kijiti laini cha kuongozea, na mpira namba 6, vipitishwe kwenye utando ulio chini ya kikoromeo. Mkono hujifunza hili kwa koromeo la mbuzi kutoka buchani, likichanwa mara kumi, na wauguzi wa chumba cha upasuaji wakiwepo, maana mmoja wao ndiye atakayepaza sauti: "Majaribio matatu yamekwisha."

Wakurugenzi, nunueni kipimo cha kaboni dayoksaidi kabla ya kamera. Mpira ulioingia kwenye umio huweza kulidanganya sikio lililo kifuani; alama ya pumzi ikikosekana kwenye kioo cha kipimo hicho, hesabuni kwamba mpira uko pabaya mpaka ithibitike vingine.

Usiku wa leo, kabla ya kupokea zamu, ulizia kisu hicho kiko wapi. Ukiambiwa kimo stoo na ufunguo amekwenda nao mtu nyumbani, mpigie simu arudi nao sasa.